Maoni ya Wasomaji wa Kitabu cha Wageni

Juzi binti yangu mdogo alikuwa na kazi ya shule ya kubandika picha kwenye daftari, na gundi ilikuwa imeisha. Nikamwambia aache kulialia. Nikachukua unga wa muhogo, nikaukoroga kwenye sufuria kama tulivyokuwa tunafanya sisi, na ulipoanza kuiva na kutoa ile harufu yake ya uchachu, nikazima jiko na kutoka nje. Mtoto alibaki ameshika mwiko, ananiangalia. Sikumweleza kitu. Mtu mzima haelezi kila jambo, hasa jambo ambalo akilianza lazima ajitaje mwenyewe.

Ila nyinyi wa rika langu, mliosoma bweni mkala maharage yenye wadudu mkaambiwa ni kitoweo, nyinyi naweza kuwaambia.

Nilikuwa kidato cha kwanza, shule ya bweni Nachingwea. Nyumbani kwetu ni Likunja, upande wa Ruangwa. Maktaba ya shule ilikuwa chumba kimoja kilichowahi kuwa stoo ya majembe, na vitabu vyake vilikuja kwenye maboksi kutoka Ulaya, vya watu waliokwisha kuvichoka: vya kupamba keki, vya kutunza farasi, vya safari za treni kwenye nchi zenye barafu. Maktaba alipewa Mwalimu Chipila. Huyu alikuwa mtu mpole, mwembamba, na alikuwa na uchungu na vitabu kuliko sisi. Aligundua kwamba wanafunzi wanaazima bila kusoma, na kwamba zile kurasa nyeupe za mwishoni zinachanwa kuandikia barua za mapenzi. Akaja na dawa yake. Nyuma ya kila kitabu alibandika karatasi ya daftari kwa gundi ya unga wa muhogo, akaipiga mistari kwa rula na kuandika juu kwa herufi kubwa: MAONI YA WASOMAJI. Chini yake palikuwa na sehemu nne, Jina, Kidato, Kijiji na Maoni. Asiyejaza hakupewa kitabu kingine. Hiyo sehemu ya kijiji tulimuuliza ni ya nini, akasema anataka ijulikane kwamba watu wa Mbekenyera na Chunyu nao wanasoma.

Basi sisi tukapenda maoni kuliko vitabu. Mimi kitabu nilikuwa nakifungulia nyuma kwanza. Na hakuna kilichokuwa na maoni mengi kama kile tulichokiita Kitabu cha Wageni. Jina lake halisi silijui mpaka leo, maana jalada lilikuwa limeng'oka zamani na Mwalimu Chipila alikivika karatasi ya mfuko wa saruji. Kilikuwa kimeandikwa kutokana na tamthilia ya televisheni ya huko kwao, na tamthilia yenyewe ilikuwa imerekodiwa kwenye kanda na kuonyeshwa kwenye kibanda cha video karibu na soko. Wavulana waliruka uzio kwenda kuiona. Sisi wasichana tukionekana karibu na kibanda kile ilikuwa fimbo na barua ya kwenda nyumbani.

Kwa hiyo maoni ya wavulana yalikuwa ugomvi mtupu kati ya kitabu na video. Mmoja aliandika kwamba kwenye video kapteni ana ndevu na humu hana, ina maana mwandishi hakuangalia picha vizuri. Mwingine alilalamika kuwa stelingi, yule shujaa wa picha, amechelewa kuingia. Wa kidato cha tatu kutoka Mbekenyera aliandika, "Mapigano machache, maneno mengi. Sishauri." Na mmoja, kwa herufi kubwa zilizovuka mpaka kwenye mstari wa mwenzake: "UONGO MTUPU. WAGENI WA NAMNA HII HAWAPO DUNIANI."

Mimi sikuwa na video. Nilikuwa na kitabu, na kamusi iliyofungwa kwa kamba kwenye mguu wa meza ili isitembee. Kulikuwa na neno moja la Kiingereza lililorudi karibu kila ukurasa: alien. Tulilitamka kama lilivyoandikwa, alieni, kana kwamba mtu anaulizwa huyo aliye ni nani. Nikalitafuta. Kamusi ikasema: mgeni, mtu wa nchi nyingine. Nikashukuru, nikaendelea kusoma. Sikujua kwamba Wazungu wanatumia neno hilohilo kwa viumbe wa sayari nyingine, wale wa kubuniwa. Waliokuwa wameona video walijua, lakini nani angenieleza kitu ambacho kila mtu anadhani mwenzake anakijua?

Sasa nisikilizeni nilichosoma. Nilisoma habari za wageni waliokuja kwa chombo, wengi, na watoto wao, kwa sababu kwao kumeharibika kwa vita. Walifuata nyota. Walikuwa na mistari kwenye paji la uso na mashavuni. Wenyeji wakawapa bonde wakae, wakalima, wakazaa, halafu siku moja wenyeji wakaanza kuwahesabu. Wengine wakawa wanajipaka vumbi kuficha mistari. Mwisho wakapakiwa wote kwenye chombo na kurudishwa walikotoka, na yule kapteni asiye na ndevu akawaangalia wanaondoka akasikitika. Nilisoma kwa mwezi mzima, neno kwa neno. Habari hii niliijua. Ilikuwa ya baba yangu.

Baba alikuwa Mmakonde wa Msumbiji. Usoni alikuwa na nembo, mistari ile waliyochanjwa watu wa zamani, kwenye paji na kwenye mashavu. Pale Likunja hilo halikumshangaza mtu, maana Wamakonde wa upande huu nao wanazo, na baba alikuwa amejiandikisha kila mahali kwamba amezaliwa palepale. Mimi alinieleza ukweli siku moja tu, tukiwa tumekaa barazani tunabangua korosho, mikono imetuwasha kwa utomvu. Alisema mama yake alimvusha Ruvuma kwenye mtumbwi akiwa mtoto, wakikimbia vita vya Mreno, wakatembea usiku wakifuata nyota kwa sababu mchana kulikuwa na ndege. Jina lake hasa lilikuwa Simau. Upande huu lilikuwa Simoni. Alipomaliza akanifuta mkono wangu kwa majivu, taratibu, kidole kimoja kimoja.

"Haya ni ya ndani, Tekla," alisema. "Hapo nje mimi kwetu Likunja."

Nikaitikia. Lakini mtoto anaitikia sauti, haitikii maneno. Mimi sikuelewa kwamba lile la ndani lilikuwa hatari. Nililiweka kama mtu anavyoweka nguo ya sikukuu, imefichwa kwa sababu ni nzuri. Na neno lenyewe kwetu ni neno zuri. Mgeni akija kuku anakamatwa, mtoto anatolewa kitandani. Shule ya msingi tulikaririshwa "mgeni njoo, mwenyeji apone," na nani aliwahi kutufundisha kwamba lina upande wa pili? Kwa hiyo nilipowakuta wageni kwenye kitabu kilichochapwa Ulaya, chenye kurasa mia mbili na zaidi, nikaona baba yangu ameandikwa. Nikajisemea kwamba kilichokwisha kuandikwa kitabuni si siri tena. Nilijivuna, na nasema hivyo kwa aibu.

Halafu yule mpumbavu na UONGO MTUPU wake. Nilimkasirikia kama amemtukana baba mbele yangu. Nikachukua kalamu nikajaza. Jina, Tekla Simoni. Kidato, cha kwanza. Kijiji, Likunja. Kwenye maoni niliandika hivi, na nayakumbuka yote:

"Aliyesema ni uongo hajui. Wageni wapo. Baba yangu ni mgeni, alivuka kwa chombo na mama yake wakafuata nyota. Ana mistari usoni kama wa kwenye kitabu. Jina lake hasa ni Simau. Anasema amezaliwa Likunja lakini anaficha tu kama hawa. Mimi nampenda sana. Kitabu ni kizuri, ila mwisho wangeachwa wakae."

Mwalimu Chipila aliyasoma nimesimama mbele yake. Akasema mwandiko wangu ni mzuri, ila siku nyingine niandike habari za kitabu, nisiandike za nyumbani. Basi, akakipanga kwenye rafu. Kalamu nyekundu alikuwa nayo mfukoni. Nimemlaumu miaka mingi kwa kutoitoa akayafuta, ingawa najua natafuta mtu wa kugawana naye lawama.

Aliyekiazima baada yangu alikuwa Rehema, tuliyekaa naye dawati moja na kulala naye kitanda cha juu na cha chini. Rehema naye kwao Likunja. Baba yake, Mzee Likapa, ndiye alikuwa mwenyekiti wa kijiji, na alikuwa amekikalia kiti hicho tangu sisi hatujaota meno. Likizo ilipofika Rehema aliomba ruhusa aondoke na kitabu, kwa sababu hajamaliza. Tukapanda gari moja kwenda nyumbani, kitabu kiko kwenye mfuko wake, tunakula karanga.

Lazima niseme likizo hiyo ilikuwa na nini. Baba alikuwa anagombea uenyekiti. Hakuwa mtu wa siasa. Kilichomsukuma ni muhuri. Nilipofaulu kwenda sekondari, fomu zangu zilihitaji muhuri wa mwenyekiti, na Mzee Likapa alimzungusha: leo wino umekauka, kesho nina mgeni, keshokutwa nipo shamba. Baba alikwenda na kurudi mpaka ikabaki siku moja shule ifunguliwe. Siku aliyoupata alirudi nyumbani akiwa ameishika ile fomu kwa ncha za vidole isichafuke, akamwambia mama kwamba atagombea, ili muhuri ukae kwa mtu anayejua mtoto wa mwenzake ana haraka. Watu wengi walimpenda kwa neno hilo. Kila aliyewahi kuzungushwa alikuwa upande wake, na pale kijijini nani hakuwa amezungushwa? Nilipofika likizo nilimkuta baba anacheka kwa sauti, kitu ambacho hakuwa nacho. Alikuwa amenunua shati jipya jeupe lenye mfuko kifuani.

Mkutano wa wagombea kujieleza ulifanyika mchana, mbele ya ofisi ya kijiji. Baba aliongea kwa ufupi na akapigiwa makofi. Alipoketi, Mzee Likapa akasimama. Hakuwa na haraka. Akasema yeye hana hotuba, ana barua ya mtoto anayesoma vizuri, fahari ya kijiji, na angependa mwenye barua aisome mwenyewe. Akaniita kwa jina. Nikaiona ile karatasi mkononi mwake, mistari ya rula, ukoko wa gundi pembeni. Ilikuwa imebanduka nzima bila kuchanika, unga wa muhogo haushiki kitu muda mrefu.

Nilifurahi. Hilo ndilo ambalo sijawahi kumwambia mtu. Kwa hatua kumi hivi, kutoka nilipokaa na mama mpaka mbele, nilifurahi kwa sababu nilidhani nasifiwa.

"Soma kwa sauti, mwanangu," alisema Mzee Likapa. "Kuna wazee hapa hawasikii vizuri."

Nikasoma. Nilisoma vizuri, kama nilivyofundishwa, nikipumzika kwenye nukta. Nilipofika kwenye jina la Simau nikainua macho kidogo na kumwona mama ameivuta khanga mpaka mdomoni. Nikaishusha karatasi. Mzee Likapa akaniambia nimalize, nimeandika vizuri, nisiogope. Na mimi, kwa sababu nilikuwa mtoto mwenye adabu, nikamaliza. Nikasoma mpaka pale pa mwisho wangeachwa wakae.

Mzee hakupaza sauti wala hakumwangalia baba. Alisema kama anayewakumbusha watu jambo wanalolijua.

"Mgeni siku ya tatu hupewa jembe. Hapewi muhuri."

Watu wakacheka. Walicheka walewale waliozungushwa, walewale waliokuwa wamepiga makofi muda mfupi uliopita, na mpaka leo nikikutana nao Ruangwa sokoni nawasalimia kwa heshima na moyoni nawahesabu mmoja mmoja. Baba alinyanyuka akaja mpaka niliposimama. Akanyoosha mkono.

"Nipe," alisema.

Nikampa. Akaikunja mara mbili, akaiweka kwenye mfuko wa lile shati jipya na kuondoka kwenda nyumbani. Mama akamfuata. Mimi nilibaki nimesimama mbele ya watu, sijui kama natakiwa kurudi kukaa.

Hakunipiga. Angenipiga ningepona. Hakulitaja neno lile siku hiyo wala siku nyingine yoyote, na alipotaka kuniita alimtuma mama. Wiki iliyofuata wakaja watu wawili kutoka wilayani na faili, wakataka cheti cha kuzaliwa, na baba hakuwa nacho. Hawakumpakia kwenye gari kumrudisha Msumbiji, tuseme ukweli. Walimwandika upya. Kila mwaka alitakiwa aende Ruangwa kuomba kibali cha kukaa mahali alipolelewa, alipooa na alipomzika mama yake. Mzee Likapa akapita bila kupingwa. Baadaye kamati yake ikaamua kwamba shamba la bondeni, lililotolewa na kijiji, lilitolewa kimakosa kwa asiye raia. Lilikuwa na mikorosho ambayo baba aliipanda mbegu kwa mbegu, mmoja tukiuita wa Tekla kwa kuwa tulilingana umri. Msimu uliofuata niliwaona watu wengine wanaokota chini yake. Na nyumba yetu ikapata jina. Ukimtuma mtoto ulimwambia pita pale kwa mgeni, kata kushoto.

Rehema alinililia shuleni. Alisema baba yake alikifungua tu kile kitabu, akaona neno Likunja, akauliza ni nani huyu wa kwetu anayesoma vitabu vikubwa hivi. Yeye akamjibu kwa kunisifia. Nilimwamini. Na sikumsamehe, wala sikuhama kitanda, tukalala hivyo juu na chini mpaka kidato cha nne bila kusemezana zaidi ya chumvi na sabuni. Kitabu kilirudi rafuni. Mwalimu Chipila alikibandika karatasi mpya, safi, na maoni ya kwanza yalikuwa ya Rehema: "Kitabu ni kizuri."

Miaka ilipita. Nikiwa chuo cha ualimu, siku moja kwenye bwalo waliwasha televisheni, na nikasikia jina la yule kapteni. Nikageuka. Ndevu alikuwa nazo kweli. Kisha wakaingia wageni. Walikuwa watu wamevaa suruali za kung'aa, wamebandikwa vipande vya mpira kwenye paji la uso, wanaongea kwa sauti ya kukwaruza, na nyuma yao anga jeusi la kuchora lenye sayari mbili. Bwalo zima likacheka, maana lilikuwa jambo la kuchekesha. Yule mvulana aliyeandika UONGO MTUPU alikuwa amesema kweli. Nilimuuza baba yangu ili nimbishie mtu aliyekuwa na haki. Nikaacha chakula nikatoka.

Baba alikufa msimu wa ufuta uliopita. Mzee Likapa alishamtangulia, lakini mwenyekiti wa sasa alifika msibani na kusema maneno mazuri. Alisema tumempoteza mtu mpole, mchapakazi, aliyeishi nasi kwa amani siku zote, mgeni wetu mwema. Watu wakatikisa vichwa kwa huzuni ya kweli kabisa. Hakuna aliyesikia alichokisema.

Baada ya arobaini mama alinipa sanduku la baba nilipange. Vibali vyote vilikuwemo, vya kila mwaka, vimefungwa kwa uzi. Chini yake kulikuwa na lile shati jeupe, halikuvaliwa tena, na kwenye mfuko karatasi imekunjwa mara mbili. Nilijua ni nini kabla sijaigusa. Ukoko wa gundi ulikuwa umeliwa na wadudu lakini harufu ilikuwa bado ipo. Nikaikunjua. Yale ya kapteni na ndevu yalikuwepo, stelingi aliyechelewa alikuwepo, na mimi na mwandiko wangu mzuri.

Chini yangu palikuwa na mstari mwingine ambao sikuwahi kuuona. Mwandiko ulikuwa wa baba, herufi kubwa zinazopanda na kushuka, za mtu aliyejifunza ukubwani. Kwenye Jina alikuwa ameandika Simoni. Kwenye Kidato aliandika Ngumbaru, yaani elimu ya watu wazima. Kwenye Kijiji aliandika Likunja, na kalamu alikuwa ameikandamiza mpaka karatasi ikatoboka.

Nikatafuta langu. Naona haya kusema, lakini nilitafuta neno langu mimi, la kunisamehe au hata la kunilaani. Nikaigeuza karatasi upande wa pili, nikairudisha. Kwenye Maoni hakuandika kitu.